Walimu Wako Dzaleka, Wanafunzi Wako Mitundu

Kaskazini mwa Lilongwe, kilomita 40 na ushee kwa barabara kuu ya M1 kisha kukata kuelekea Dowa, wapo vijana wanaojua kuandika programu za kompyuta lakini sheria haiwaruhusu kuajiriwa. Kusini mwa jiji hilohilo, huko Mitundu, wapo vijana walio huru kufanya kazi popote Malawi, lakini wengi wao hawajawahi kukaa mbele ya kompyuta hata saa moja. Asubuhi moja ya kupanda basi dogo ingetosha kuwakutanisha. Ninaandika kuwaomba ninyi nyote msomao Kiswahili, mlioko Lilongwe, Dar es Salaam, Nairobi, Bukavu, na ninyi mliohamia Canada, Marekani na Australia, mtusaidie kufungua chumba kimoja cha kompyuta Mitundu, ambamo vijana wa Dzaleka watakuwa walimu.

Kwa msomaji asiyeifahamu Dzaleka, nieleze kidogo. Zama za Rais Kamuzu Banda mahali pale palikuwa gereza, na walioipinga serikali walifungwa humo bila kesi. Mwaka 1994, vita na mauaji ya Rwanda na Burundi yalipowasukuma watu hadi Malawi, eneo hilo likageuzwa kambi ya wakimbizi. Baadaye Wakongo wakaja kwa maelfu, na hadi leo wanaendelea kuja, kutoka Kivu zote mbili na Katanga. Kambi ilikusudiwa watu 10,000, au 12,000 wakibanana. Sasa ina zaidi ya 50,000. Wapo waliozaliwa hapo, wakasoma hapo, wakaoa na kuolewa hapo, na watoto wao nao wanasoma hapo. Ukipita sokoni utasikia Kiswahili kwanza: Kiswahili cha Uvira, cha Bukavu, cha Lubumbashi, cha Bujumbura, huku muuza nyanya Mmalawi kutoka kijiji jirani akijibu kwa Kichewa na biashara ikifanyika.

Ingekuwa dhuluma kuieleza Dzaleka kwa njaa na msongamano pekee, maana watu wake wamejenga mambo ambayo miji mingi mikubwa haina. Mwaka 2010 Wajesuiti walipoanza kuwapelekea wakimbizi masomo ya chuo kikuu kwa njia ya mtandao, walichagua mahali patatu pa kujaribia: Aleppo nchini Syria, Kakuma nchini Kenya, na Dzaleka. Stashahada ilitolewa na Chuo Kikuu cha Regis cha Denver, Marekani. Watu walioingia kambini na mfuko mmoja wa nguo walikesha wakiandika insha za falsafa na kuzituma ng'ambo ya bahari kwa intaneti iliyokuwa ikikatika kila mara. Mwaka 2014 mshairi na mwanamuziki Menes la Plume, mkimbizi kutoka Kongo, alianzisha Tumaini Festival, tamasha la muziki na sanaa linalowaleta maelfu ya Wamalawi ndani ya kambi kucheza, kula na kulala katika nyumba za wakimbizi. Na katika teknolojia yuko Remy Gakwaya, mkimbizi kutoka Burundi, aliyeanzisha TakenoLAB, mahali ambapo vijana wa kambini hufundishwa kutumia kompyuta na kuandika programu, na wanaowafundisha ni wakimbizi wenzao.

Jambo hilo la mwisho lina uzito wake. Mwalimu wa Dzaleka anajua maana ya kujifunza huku umeme ukikatika, kompyuta moja ikishikwa na watu watatu, na tumbo likiwa tupu kwa sababu mgao wa chakula umepunguzwa. Anajua mwanafunzi akikosa siku mbili pengine amekwenda kupanga foleni ya karatasi zake, na akirudi hamkaripii, humwonyesha wenzake walipofika. Subira ya namna hiyo haipatikani kwa kutangaza nafasi ya kazi gazetini. Dzaleka imeilea kwa miaka mingi, na huko inaishia kuzunguka ndani ya kambi.

Inazunguka huko kwa sababu ya sheria. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, lakini ikaweka masharti yake kuhusu mambo kadhaa, yakiwemo haki ya mkimbizi kuajiriwa, kusoma katika shule za umma na kwenda atakako. Kwa miaka mingi masharti hayo hayakubana sana. Wakimbizi walifungua maduka Lilongwe, Mzuzu na Blantyre na wakaishi na majirani zao. Machi 2023 serikali ikaamuru wote warudi Dzaleka, na mwezi Mei polisi wakaanza kuwakusanya. Maduka yakafungwa, watoto wakatolewa shule katikati ya muhula. Siandiki haya kuilaumu nchi iliyotupokea. Malawi ni miongoni mwa nchi maskini kuliko zote duniani, na imewahifadhi watu wengi kwa muda mrefu bila kushukuriwa ipasavyo. Katika miaka ya vita vya Msumbiji ilibeba wakimbizi zaidi ya milioni moja. Lakini kijana wa miaka 20 mwenye ujuzi aliyezuiwa kuutumia ni hasara, kwake na kwa Malawi pia, na hasara hii tunaweza kuipunguza tukianzia mahali padogo.

Mahali hapo padogo ni Mitundu. Ni mji wa soko katika wilaya ya Lilongwe, wenye hospitali ya jamii, umezungukwa na mashamba ya mahindi, karanga, soya na tumbaku. Siku ya soko baiskeli zinazobeba magunia hujaza njia. Vijana ni wengi mno. Sensa ya 2018 ilionyesha kuwa takriban nusu ya Wamalawi ni watoto chini ya miaka 18, na Mitundu utaliamini hilo kwa macho yako. Wengi hufika sekondari ya kutwa, wakafanya MSCE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kisha wakarudi shambani au wakapanda gari kwenda Lilongwe kutafuta vibarua. Shule nyingi za kutwa za vijijini hazina maabara ya kompyuta. Kwa hiyo kijana anamaliza kidato cha nne akiwa na simu mfukoni anayoitumia kwa WhatsApp na kutumiana pesa kwa Airtel Money au Mpamba, ila hajui kuandika barua ya kuomba kazi, kupanga hesabu za mavuno katika jedwali, wala kutambua tangazo la uongo.

Hilo la tangazo la uongo haliwezi kungoja. Wanawake wa Malawi wamekwenda Oman kwa kuahidiwa kazi nzuri, wakajikuta wamefungiwa majumbani bila pasipoti na bila mshahara, na kilio chao kilipitia makundi ya WhatsApp kabla ya kufika kwa serikali na waandishi wa habari. Huko Dzaleka pia, mwaka 2022, Umoja wa Mataifa ulifichua mtandao wa kusafirisha binadamu uliokuwa ukiitumia kambi. Wasafirishaji wa namna hiyo huwinda hata kwa simu. Mafunzo ya kompyuta yasiyomfundisha binti namna ya kuchunguza ni nani hasa anayempa ajira, kampuni ipo wapi, mkataba unasema nini, na kwa nini anaombwa pasipoti mapema, yamemwacha nusu njia. Ningependa somo hilo lifundishwe wiki ya kwanza, hata kabla ya kuandika herufi kwa vidole kumi.

Sasa nieleze chumba chenyewe kitakavyokuwa, maana anayeombwa mchango ana haki ya kujua unakwenda wapi.

Kitahitaji watu kwanza. Afrika Mashariki tumeona vyumba vingi vya kompyuta vilivyofunguliwa kwa hotuba na utepe, na baada ya mwaka mmoja vimefungwa kwa kufuli, mashine zimefunikwa vitambaa, ufunguo uko kwa mwalimu mkuu aliyehamishwa. Mara nyingi mashine zilikuwa nzima kabisa. Aliyekosekana ni mtu wa kukaa na mtoto, na fedha ya kumlipa mtu huyo. Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni posho ya walimu: vijana wawili au watatu kutoka Dzaleka, mmoja wao lazima awe mwanamke, na pamoja nao vijana wawili wa Mitundu watakaojifunza kufundisha ili chumba kisiwategemee wageni milele.

Kuhusu lugha, hapa ndipo sisi wasemaji wa Kiswahili tuna kitu ambacho mfadhili wa mbali hana. Mtoto aliyefika Dzaleka kutoka Fizi alianza shule kwa Kifaransa, nyumbani akasema Kibembe, sokoni Kiswahili. Malawi amekuta Kichewa na Kiingereza. Ukimkalisha mbele ya kompyuta ya Kiingereza anajifunza mambo mawili magumu kwa wakati mmoja, na akishindwa moja anaamini ameshindwa yote. Mfundishe kwanza kwa lugha aliyokuja nayo: faili ni nini, inakaa wapi, ukiifuta inaweza kurudi au hairudi, nywila nzuri ina sura gani. Kiingereza atakipata, tena kwa haraka, akishaelewa kinachotendeka. Mitundu somo hilohilo litakuwa kwa Kichewa, na bahati yetu ni kwamba vijana waliokulia Dzaleka wanakisema Kichewa kama wenyeji, kwa sababu walicheza mpira na kuchota maji pamoja na watoto wa vijiji vya Dowa tangu wadogo. Serikali haikuwaandalia kozi ya Kichewa, wala hawakuihitaji.

Kwa upande wa Dzaleka, zana za Kiswahili zipo kuliko tunavyodhani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Scratch, programu ya watoto kujifunzia kuandika programu kwa kuunganisha vipande vya rangi, ina Kiswahili na inafanya kazi bila intaneti. Kolibri, maktaba ya masomo inayowekwa ndani ya kompyuta moja na kugawiwa kwa nyingine zote chumbani kwa Wi-Fi bila kutumia bando hata moja, ina Kiswahili. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, inapakuliwa yote kwa programu ya Kiwix na kusomwa bila mtandao. Kinachokosekana ni masomo mafupi ya Kiswahili chepesi, ya sauti au ya video, yanayomwongoza mtu hatua kwa hatua: namna ya kuandika wasifu wa kazi, ya kutengeneza jedwali la mauzo ya karanga, ya kuhariri picha, ya kuweka akaunti ya barua pepe ambayo hutaisahau nywila yake. Mwalimu wa Morogoro au Mombasa anaweza kurekodi somo la dakika kumi kwa simu yake Jumamosi jioni. Ukirekodi, sema polepole, onyesha kiwambo kwa ukaribu, na usichanganye Kiingereza pale Kiswahili kinapotosha. Tafadhali rekodi.

Nitakaa kidogo kwenye umeme, kwa sababu mipango mingi mizuri imefia hapo. Kaya nyingi za vijijini Malawi hazijafikiwa na gridi ya ESCOM, shirika la umeme, na hata zilizofikiwa huishi kwa mgao. Januari 2022 dhoruba Ana iliharibu bwawa la Kapichira kwenye mto Shire, na nchi ikapoteza takriban megawati 130 kwa siku moja. Walioishi Lilongwe wanakumbuka giza lililofuata. Kwa hiyo chumba cha Mitundu kijengwe juu ya jua tangu mwanzo. Hesabu yake si ngumu. Kompyuta ya mezani na skrini yake inaweza kula wati 150 au zaidi. Laptopu hula wati 40 hivi. Laptopu 10 zikifanya kazi saa sita kwa siku zinahitaji takriban yuniti mbili na nusu za umeme. Uwanda wa Lilongwe una jua zuri karibu mwaka mzima, na paneli za jumla ya wati 800 hadi 1,000 pamoja na betri nzuri zinaweza kubeba mzigo huo, zikabaki kidogo za taa na kuchaji simu. Kuchaji simu si jambo dogo: anayelipa kwacha chache kuchaji simu analipia maji ya betri, fagio na kalamu za walimu, na chumba kinakuwa na sababu ya kufunguliwa hata siku isiyo na darasa.

Basi ndugu msomaji, kama unafikiria kutuchangia kompyuta za mezani za zamani, nakushukuru kwa moyo wako, ila tupe laptopu. Na wakati huu ndio wenyewe wa kuziomba. Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na ofisi nyingi kuanzia Nairobi hadi Toronto zinaziondoa mashine zisizoweza kupokea Windows 11. Mashine hizo si mbovu. Zikiwekewa Linux, kwa mfano Ubuntu au Linux Mint, ambazo ni za bure, zinafanya kazi miaka mingine mingi. Unafanya kazi benki, chuo, hospitali au kampuni ya bima? Muulize fundi wa kompyuta hapo ofisini kwako zinakwenda wapi. Omba kumi. Hakikisha kila moja ina chaja yake, betri inayoshika walau saa moja, na kumbukumbu ya GB 4 kwenda juu. Hakikisha data za ofisi zimefutwa kabisa na nywila ya BIOS imeondolewa, kwa sababu mashine iliyofungwa kwa nywila ya mtu aliyeko Ulaya ikifika Mitundu ni bati tu. Malawi penyewe bei zimepaa: Novemba 2023 kwacha ilishushwa thamani na bei ya dola ikapanda kwa asilimia 44 kwa siku moja, na laptopu ambayo mwalimu angeweza kuidunduliza kwa mwaka sasa iko mbali naye. Laptopu moja iliyobebwa kwenye mzigo wa mtu anayekuja kusalimia nyumbani ni msaada wa kweli.

Kuhusu wasichana, niseme waziwazi. Tukifungua mlango na kukaa kungoja, wataingia wavulana. Binti ana maji ya kuchota, wadogo wa kuangalia, chakula cha jioni cha kupika, na mama mwenye wasiwasi halali kuhusu nani anakaa humo ndani. Chumba kiwe na saa za wasichana, asubuhi baada ya maji na kabla ya jua kuwa kali. Madirisha yawe mapana, mama akipita barabarani amwone mwanawe. Aliye na mtoto mchanga aruhusiwe kuja naye. Mkeka mmoja kwenye kona unatosha. Na mwalimu wa kike asiwepo kwa jina tu, awe ndiye anayeshika ufunguo. Akina mama wa vyama vya kuweka akiba na vya kanisa hapo Mitundu, tunawaomba mkae katika kamati ya chumba tangu kikao cha kwanza, kabla mambo hayajaamuliwa na wanaume.

Wapo watakaouliza: vijana wakishajua, watafanya nini? Swali hilo ni la haki, na simdanganyi mtu kwamba kila atakayejifunza atakuwa tajiri wa mtandaoni. Kazi za mtandao zipo, lakini tovuti nyingi za malipo hudai kitambulisho na akaunti ya benki ambavyo mkimbizi hana, na ushindani wake ni wa dunia nzima. Mimi naona kazi zilizo karibu zaidi. Mkulima wa Mitundu anapeleka tumbaku kwenye mnada wa Kanengo bila kumbukumbu yoyote ya gharama zake za mbolea na vibarua, hivyo hajui kama amepata faida au amefanya kazi mwaka mzima bure. Kijana mwenye laptopu anaweza kumtunzia hesabu hizo yeye na wenzake 30 wa ushirika kwa ada ndogo. Hospitali, shule, maduka ya pembejeo, wote wanahitaji watu wa kuchapa, kupanga na kutunza kumbukumbu. Harusi zinahitaji kadi na video. Na kwa upande wa Kiswahili kuna kazi ambayo vijana wa Dzaleka wanaiweza kuliko watu wengi: kuandika maneno ya video na mahojiano, kutafsiri kati ya Kiswahili, Kichewa, Kifaransa na Kinyarwanda, kurekodi sauti. Mradi wa Common Voice wa Mozilla unakusanya sauti za Kiswahili ili kompyuta zijifunze kutusikia. Kiswahili cha Bukavu na cha Uvira kikikosekana humo, simu za kesho hazitawaelewa bibi zetu wa Kivu. Ninyi wenye redio, televisheni, mashirika na kampuni za tafsiri Dar na Nairobi, mkiwa na kazi ya namna hii, leteni hata kipande kidogo. Lipeni kama mnavyowalipa wengine, wala msiwape bei ya huruma.

Serikali ya Malawi nayo ninaiomba jambo moja dogo lenye mipaka. Mkimbizi wa Dzaleka anahitaji kibali kutoka nje ya kambi. Tunaomba kibali cha kufundisha, chenye jina la mwalimu, jina la kituo, siku na saa, kinachothibitishwa na ofisi ya wilaya kila baada ya miezi michache. Anayefundisha hanyang'anyi Mmalawi kazi, maana anawaandaa Wamalawi kupata kazi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee, na machifu wa Mitundu wana msemo wao wenye maana kama hiyo. Wakituunga mkono mbele ya ofisi ya wilaya, sauti yao itasikika kuliko yetu. MACRA, mamlaka ya mawasiliano, imekwisha kujenga vituo vya mawasiliano vijijini katika wilaya kadhaa. Inajua faida yake. Tunaiomba iiangalie Mitundu, na hata isipotoa fedha, itoe intaneti ya bei nafuu kwa kituo.

Hadi kibali kipatikane hatutakaa bure. Masomo yanaweza kurekodiwa Dzaleka leo, yakatiwa kwenye kadi ya kumbukumbu, na kadi ikasafiri kwa basi dogo hadi Mitundu bila kumwomba mtu ruhusa. Vijana wachache wa Mitundu wanaweza kuja Dzaleka kusoma wiki mbili, kwa kuwa raia wa Malawi huingia kambini kwa urahisi kuliko mkimbizi anavyotoka. Tumaini Festival imeonyesha kwamba Wamalawi wanakuja, na wakija wanapokelewa. Familia za Dzaleka zilizowalaza wageni wa tamasha hazitashindwa kuwalaza wanafunzi.

Kwenu mliohamishiwa nchi za mbali, mliokulia Dzaleka mkapanda ndege pale Lilongwe mkiwa mmeshika ule mfuko wa plastiki wenye karatasi zenu: mnajua mnachoweza kufanya kuliko ninavyoweza kuwaambia. Wengine mlikwenda Canada kwa mpango wa shirika la WUSC wa kuwadhamini wakimbizi wanafunzi, na sasa mnafanya kazi za kompyuta huko. Saa moja kwa wiki ya kumwongoza kijana mmoja kwa simu, mkisoma pamoja kazi aliyoandika na kumwambia wapi pamekosewa, ina thamani kuliko dola nyingi. Msingoje kuombwa na shirika. Kila mmoja wenu ana namba ya mdogo wake, binamu, au rafiki aliyebaki. Anzeni naye.

Kwa mafundi wa Lilongwe, ninyi mnaotengeneza simu na kompyuta mitaani mjini: tunahitaji Jumamosi moja kwa mwezi ya fundi mmoja, kubadilisha betri, kusafisha feni, na kuwafundisha vijana wawili kazi hiyo hadi waiweze wenyewe. Kituo kitalipa nauli na vipuri. Kwa makanisa na misikiti: mna viti, mna paa, na mna siku nyingi za wiki ambapo majengo yenu yamefungwa.

Na kwa yeyote mwenye chumba Mitundu, karibu na soko, chenye mlango wa chuma na paa lisilovuja, lenye kuangalia kaskazini ili paneli zipate jua vizuri: hatuhitaji kukinunua. Tupe miaka miwili kwa kodi ambayo kijana anaweza kuilipa, na kamati yako ya mtaa iwe shahidi. Walimu wako tayari, na masomo ya kwanza wanaweza kuyarekodi wiki hii.